Meza za kukodi Zanzibar: zinamfaa nani kati ya walioambiwa warudi ofisini?

Ukipanda ngazi kwenda kuangalia meza ya kukodi Mjini Unguja, utaoneshwa kwanza dirisha linalotazama bahari, halafu kiyoyozi, halafu mashine ya kahawa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokufaa saa 8 za mchana, umeme umekatika nawe uko katikati ya kikao na watu wa Nairobi au London. Tathmini hii inaziangalia meza hizi kwa yale yasiyooneshwa: betri ziko wapi, intaneti inapita njia ngapi, chumba cha simu kina mlango au pazia, na jengo linafungwa saa ngapi. Anayelengwa ni mtu mmoja maalumu: anaishi Zanzibar, aliajiriwa afanye kazi kutoka nyumbani, na sasa mwajiri anamtaka ofisini.

Kabla ya kutoa hata shilingi, isome barua ya mwajiri neno kwa neno, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu hulipia meza ya miezi mitatu, kumbe barua haitaki meza, inataka kadi ipigwe mlangoni. Amazon, kuanzia tarehe 2 Januari 2025, iliwataka wafanyakazi wake wa ofisini wahudhurie siku 5 kwa wiki. Tangu Mei 2023 zilikuwa siku 3. JPMorgan Chase nayo ikaingia kwenye siku 5 mwezi Machi 2025. Amri ya namna hiyo inahesabu kiwiliwili chako ndani ya jengo la kampuni, na meza ya Shangani au Vuga haihesabiki hata ingekuwa na intaneti ya dhahabu. Ukiwa na amri hiyo, usikodi. Nenda kazungumzie mkataba wako, hasa kifungu kinachotaja mahali pa kazi.

Amri ya aina ya pili hupima umbali. Zoom, kampuni ambayo jina lake watu wamelifanya ndilo jina la kikao cha video, Agosti 2023 iliwataka walio ndani ya maili 50 kutoka ofisini, yaani kilomita 80, waende siku 2 kwa wiki. Kipimo kama hicho kimetungwa kwa watu wenye barabara. Kutoka Mjini Unguja hadi Dar es Salaam, ukivuta mstari ulionyooka, ni kilomita zisizofika 80. Lakini boti ya kasi hukaa majini karibu saa 2, na kabla yake kuna kuwahi bandarini, kukaguliwa mizigo na kupanga foleni, na ukishuka kuna msongamano wa Dar. Kwenda na kurudi kunakula saa 6 au 7 za siku, na upepo wa kusi ukichafuka hata boti hiyo si ya uhakika. Bosi anayehesabu kilomita aandikiwe hesabu ya saa. Wengi wao hawajui kwamba katikati kuna bahari, na hawana nia mbaya. Wameangalia ramani tu.

Aina ya tatu ndiyo inayotuhusu hapa. Ni pale mwajiri anaposema «rudi ofisini» lakini ukimsikiliza vizuri analalamika juu ya mambo mengine: sauti yako inakatika, nyuma yako kuna kelele, hupatikani saa ulizoahidi, nyaraka za wateja zinafunguliwa sebuleni. Malalamiko hayo ni ya haki, na yana dawa. Meza nzuri ya kukodi inayatibu karibu yote.

Anayetaka kumwandikia mwajiri kwa hoja anao utafiti mmoja wa kuutegemea. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 1,612 wa kampuni ya Trip.com ya China, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024. Waliokaa nyumbani siku 2 kwa wiki waliacha kazi kwa kiwango pungufu kwa theluthi moja kuliko waliokuwa ofisini siku zote 5, na tathmini za kazi na upandishwaji vyeo havikutofautiana. Usiutumie utafiti huo kudai zaidi ya unachosema: watu wale walikuwa ofisini siku 3, hawakuwa mbali moja kwa moja. Utafiti wa mwanzo wa Bloom katika kampuni hiyo hiyo, wakati ikiitwa Ctrip, ulihusu wapokea simu za wateja na ulionesha kazi iliyofanyika kuongezeka kwa asilimia 13. Watu hunukuu 13 na kuiacha sharti: walioruhusiwa kushiriki ni wale tu waliokuwa na intaneti ya kasi na chumba chao peke yao nyumbani. Sharti hilo ndilo kiini cha tathmini hii yote. Nyumba yenye watu 9, watoto wametoka skuli na chuoni, haina chumba hicho. Kwa hiyo unachokodi ni hicho chumba.

Sasa umeme. Unguja inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba; waya mpya wa megawati 100 uliwashwa mwaka 2013. Pemba inalishwa kutoka Tanga tangu 2010. Wazee wa kazi hawajasahau Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima bila umeme wa gridi. Hali leo si ile, lakini hitilafu ikitokea kwenye gridi ya taifa huko bara, huku nako giza. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye ofisi si kama ana jenereta. Karibu wote wanayo. Muulize: umeme ukikatika, ni sekunde ngapi mpaka soketi ya meza yangu irudi, na ruta inakaa kwenye nini katika sekunde hizo?

Jenereta inayojiwasha yenyewe huchukua sekunde 10 hadi 30. Ya kuwashwa kwa mkono inamsubiri mlinzi, na mlinzi huenda yuko msikitini au amekwenda kununua mafuta. Hesabu dakika 5. Laptopu yako haitajali, ina betri yake. Tatizo ni ruta. Ikizimika hata kwa sekunde moja inaanza upya, na mpaka irudi hewani ni dakika 2 au 3. Ndiyo maana ofisi yenye jenereta kubwa ya kelele inaweza kukutoa kwenye kikao kila umeme unapokatika, wakati chumba kidogo chenye UPS ya ruta (kisanduku cha betri kinachoshika umeme papo hapo ukikatika) kinapita bila mtu kugundua. UPS ya kutosha ruta na kisanduku cha faiba ni kitu kidogo sana, kiasi cha lita ya maziwa kwa ukubwa. Kukikosa ni uzembe.

Wenye inveta (mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) wakuambie idadi ya betri, kisha piga hesabu mwenyewe. Chumba cha watu 10: laptopu wati 60 kila moja ni 600, feni 4 za wati 60 ni 240, vifaa vya mtandao kama 30. Jumla wati 870. Betri moja ya asidi ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa) ina Wh 1,200 (wati-saa, yaani volti mara Ah), lakini ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu, na inveta yenyewe inakula sehemu. Kinachobaki ni kama Wh 500. Gawa kwa 870: dakika 35. Betri nne zinakupa saa 2 na dakika chache. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo hutoa karibu Wh 950, kidogo zaidi ya saa moja. Akikuambia ana betri mbili za asidi na kwamba zinakaa kutwa, ama hajui ama anakupamba.

Ziangalie hizo betri kwa macho. Hewa ya chumvi inakula vichwa vya nyaya; ukiona unga mweupe au wa kijani pale waya unapofungwa, umeme unapita kwa taabu na inveta itazima yenyewe mzigo ukizidi. Na uliza soketi ya jikoni imefungwa wapi. Birika la umeme ni wati 1,500 hadi 2,000. Likichomekwa kwenye laini ya inveta wakati gridi imekatika, wote mnazimika kwa ajili ya chai ya mtu mmoja. Hili hutokea kuliko jambo lolote jengine, na marekebisho yake ni fundi kuitenga laini ya jikoni, kazi ya mchana mmoja.

Kipimo kimoja kinamaliza maneno yote. Ingia kwenye kikao cha video na rafiki yako, kisha mwombe mwenye ofisi ashushe swichi kuu. Picha ikiendelea kutembea, umepata pahala. Akikataa kushusha, umeshapata jibu.

Kuhusu intaneti, utatajiwa kasi ya kushusha: Mbps (megabiti kwa sekunde) 50, 100. Inayokutesa wewe ni ya kupandisha. Picha yako ya 720p inataka Mbps 1.2 hadi 1.8 kupanda; watu 10 wakiwa vikaoni kwa pamoja wanataka 12 hadi 18. Ofisi yenye 100 ya kushusha na 8 ya kupandisha itakuonesha nyuso za wenzako safi kabisa, na wao watakuona umeganda mdomo wazi. Pima mara tatu: saa 4 za asubuhi, saa 9 za alasiri, na saa 2 za usiku kama kazi yako ni ya Marekani. Programu za kupimia kasi huchagua seva ya karibu, Dar au hapa hapa, kwa hiyo hutoa namba za kupendeza. Pima hadi kwenye seva ya kampuni yako, ukiwa ndani ya VPN yao (njia ya siri ya kuingilia mtandao wa kampuni). Amri ya ping hutuma vifurushi vidogo vya data (pakiti) na kupima muda wao wa kwenda na kurudi: kwenye Windows andika ping -n 100 na anwani ya seva, kwenye Mac au Linux ping -c 100. Pakiti zilizopotea zikizidi 2 katika 100, sauti itakwaruza. Muda wa kwenda na kurudi hadi Ulaya ukiwa baina ya milisekunde 150 na 200 ni kawaida, huna la kufanya. Kibaya ni namba zinazorukaruka, mara 160 mara 420. Hapo ndipo watu wanapoanza kusemeshana juu kwa juu na kila mmoja kumuona mwenzake hana adabu.

Laini mbili ni lazima, na ziwe za njia mbili kweli. Faiba ya kampuni moja na 4G au 5G ya kampuni nyengine ni sawa, mradi ruta ihame yenyewe moja ikilala. Kuna ofisi zenye laini mbili ambapo kuhama kunangoja msichana wa mapokezi achomoe waya huu achomeke ule. Na hata njia mbili zina mwisho wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na intaneti ya Tanzania ikasuasua. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku za namna hiyo hakuna meza itakayokuokoa, na muuzaji anayekuahidi asilimia 100 asiaminiwe. Kubaliana na mwajiri mapema: namba ya simu ya kawaida utakayopigiwa, na kazi zipi utazifanya bila mtandao.

Mji Mkongwe una shida yake peke yake, nayo ni kuta. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zina kuta za unene wa nusu mita na zaidi, na mawimbi ya Wi-Fi, hasa ya GHz 5, hayapenyi. Ukumbini kasi ni 60, chumba cha ndani ni 3. Dawa ni kila chumba kiwe na kituo chake cha Wi-Fi kilichovutiwa waya, au waya wa mtandao ufike mezani. Vile visanduku vya kuongeza mawimbi vinavyochomekwa ukutani huongeza vijiti kwenye simu na kupunguza kasi; ukiviona vimejaa, jua waya haukuvutwa.

Kwa sauti, tafuta chumba chenye mlango wa kufungika na hewa. Vibanda vya mbao laini vinavyouzwa kama vya simu, bila feni, ni joto lisilovumilika baada ya dakika 10. Paa la bati likiwa juu yako moja kwa moja, masika yatakumaliza: mvua ya kishindo hakuna kipaza sauti kinachoishinda. Adhana katika Mji ni ya pande zote na ndiyo desturi ya mahali. Zima kipaza sauti dakika zile, na wenzako wa ng'ambo waambie mapema, wanaelewa. Kinachofaa kuulizwa ni kama pana pahala pa kuswalia na maji ya udhu. Ofisi nzuri zinapo.

Viti: kaa saa moja nzima kabla ya kulipa. Basi.

Saa za kufungua huharibu mipango ya watu wengi kuliko kiti. Kikao cha saa 4 za asubuhi New York ni saa 11 za jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa 12 wakati wao wa baridi. Chumba kinachofungwa saa 11 hakina maana kwako hata kidogo. Kikifunguliwa hadi saa 3 za usiku, uliza kama jenereta nayo inafanya kazi mpaka hapo au inazimwa mlinzi wa mchana anapoondoka. Mwezi wa Ramadhani kikao hicho cha saa 12 kinagongana na futari. Wengi hufunga mapema mwezi huo, na mkataba wa mwezi haukupunguziwi bei. Liandikwe kabla. Kwa wanaofanya kazi na London ni rahisi: saa 3 zao za asubuhi ni saa 5 au 6 za mchana kwetu, kutegemea majira yao.

Pahala gani? Mjini ndiko kwenye usafiri; aliye Bububu anapanda daladala ya 502, aliye njia ya uwanja wa ndege 505, na hana haja ya gari. Fumba majengo ni mapya, kuta nyembamba, nyaya zimevutwa wakati wa ujenzi, na ndiko mpango wa Silicon Zanzibar wa mwaka 2022, wa kuvutia kampuni za teknolojia, ulikoelekezwa; kwa ubora wa umeme na mtandao vyumba vya huko kwa jumla vinavishinda vya Mjini. Lakini ni mbali, na nauli ya kila siku ihesabiwe ndani ya bei ya meza. Paje na Jambiani mikahawa inauza Wi-Fi pamoja na kahawa. Kwa siku moja ya kuandika ripoti, sawa. Kwa kazi ya kila siku hapana: kioo hakionekani kwa jua, mchanga unaingia kwenye kibodi, na msimu wa wageni wa Julai na Agosti mnara mmoja unagawiwa watu wote wa pwani ile.

Usalama wa nyaraka watu huupuuza mpaka kampuni iulize. Neno la siri la Wi-Fi lililoandikwa ukutani na halijabadilishwa tangu ofisi ifunguliwe ni dosari kubwa. Tumia VPN ya kampuni muda wote, keti mgongo ukutani, na usichapishe mkataba wa mteja kwenye printa ya wote ukauacha hapo.

Bei zinatofautiana sana, kwa hiyo linganisha kwa saa utakazotumia kweli. Tuseme meza ya mwezi ni shilingi 300,000 na kadi ya siku ni 20,000: ukienda chini ya siku 15 kwa mwezi, kadi ya siku ni nafuu. Wengi wanaofanya kazi nusu nyumbani huenda siku 8 au 9. Anza na siku moja, kisha wiki. Chumba cha kikao kinalipiwa mbali au kimo? Amana inarudi lini? Na dai risiti ya kielektroniki inayotambuliwa na ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar), maana bila hiyo mhasibu wa kampuni hatakurudishia chochote. Wiki mbili za majaribio ziandikwe: umeme umekatika mara ngapi, ulitoka kwenye vikao mara ngapi, namba za ping. Karatasi hiyo moja mbele ya bosi ina uzito kuliko barua ya kurasa tano juu ya haki ya kufanya kazi mbali.

Kwa walio Pemba, vyumba vya kukodi vya kuaminika ni haba hata Chake Chake, na ushauri wetu ni kuifanya kazi hiyo nyumbani. Chumba kimoja chenye mlango. Betri moja ya lithiamu ya Ah 100 na inveta ndogo: laptopu, ruta na feni moja ni kama wati 130, kwa hiyo unapata saa 7, siku nzima ya kazi. Laini mbili za kampuni tofauti, ruta ikae dirishani upande wa mnara na si sakafuni. Stabilaiza kabla ya inveta, kwa sababu jioni umeme hupungua nguvu. Hedifoni zenye kipaza sauti cha mdomoni. Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, ijazwe kabla ya wikiendi. Na kila mwezi fungua vichwa vya nyaya za betri, vifute vikauke, vipake grisi, ufunge tena kwa kukaza.